Maswali ya Wasomaji: Ukimwondoa Kristo, Kinabaki Nini?

Barua nyingi za safari hii zimegusa jambo moja: nafasi ya Kristo katika imani na katika maisha ya kila siku. Tumechagua tisa, na nyingine tumezifupisha. Maneno ya Biblia yametoka katika tafsiri ya Union Version.

Bwana Yesu asifiwe. Kanisani kwetu kila mtu husema Kristo ndiye kitovu. Lakini wiki zinapita nasikia mahubiri juu ya uongozi bora, ndoa, fedha na kuwashinda maadui. Jina la Yesu linatajwa, ila sioni linafanya kazi gani pale. Au mimi ni mkosoaji mno?

Amina, ndugu yetu. Hapana, swali lako ni la haki, na kipimo chake kipo. Andika hubiri ulilosikia kwa sentensi tano au sita. Kisha futa kila palipotajwa kifo cha Yesu na kufufuka kwake. Soma kilichobaki. Kama hoja imesimama vilevile, na mtu asiyemwamini Kristo angeweza kuitikia "kweli kabisa", basi Kristo alitajwa tu, hakubeba kitu. Paulo alijua lake lingeanguka: "tena kama Kristo hakufufuka, basi, kuhubiri kwetu ni bure, na imani yenu ni bure" (1 Kor 15:14).

Injili zenyewe zinaonyesha uzito uko wapi. Marko ina sura 16, na kuanzia sura ya 11 tumeshaingia katika juma la mwisho la Yesu. Yohana ina sura 21, na juma hilo linaanza sura ya 12. Hakuna anayeandika maisha ya mtu kwa vipimo hivyo isipokuwa anaamini kwamba kifo chake ndicho kilichofanya kazi.

Ila usikimbilie kusema ndoa na fedha zisihubiriwe. Paulo alizihubiri zote mbili. Tazama anavyozitundika: waume wawapende wake zao "kama Kristo naye alivyolipenda Kanisa, akajitoa kwa ajili yake" (Efe 5:25). Na anapochangisha kwa ajili ya watakatifu wa Yerusalemu, sura mbili nzima za 2 Wakorintho, hoja yake kuu ni kwamba Kristo alikuwa "maskini kwa ajili yenu, ingawa alikuwa tajiri" (8:9). Mahubiri mengi ya sadaka huanza na kile atakachopata mtoaji. Paulo anaanza na kile Kristo alichokiacha. Ukiufuta msalaba, michango hiyo haina sababu tena, na ndoa ile haina kielelezo.

Ukitaka kuzungumza na mchungaji wako, usimvizie mlangoni baada ya ibada akiwa amechoka. Mwendee katikati ya wiki, umuulize jambo moja tu: "Andiko la Jumapili ijayo linamhitaji Yesu kwa namna gani?" Swali hilo humsaidia kuandaa, halimshitaki.

Mimi ni mhubiri wa zamu. Nimepangiwa 1 Samweli 17, Daudi na Goliathi. Tumezoea kuuliza "Goliathi wako ni nani?" na kusema mawe matano ni imani, maombi, Neno, kufunga na sadaka. Nataka kumhubiri Kristo lakini naogopa kulazimisha andiko. Nianzie wapi?

Anza kwa kuyarudisha mawe kijitoni. Andiko halikuyapa maana yoyote, na Daudi alitumia moja tu (mst. 40 na 49). Mhubiri akishayapa mawe majina, hubiri limekwisha kuwa orodha ya mambo ya kufanya, na msikilizaji amekwisha kuwa Daudi. Hapo ndipo kosa linapoingia.

Soma sura nzima, mistari 58, polepole, ukitafuta jambo moja: watu wa kawaida wako wapi katika habari hii? Mstari wa 8 na wa 9 unatoa masharti ya pambano: mtu mmoja dhidi ya mtu mmoja, na matokeo yake yanawaangukia wote walio nyuma yake. Mstari wa 11, Sauli na Israeli wote wanafadhaika na kuogopa sana. Mstari wa 16, hali hiyo inadumu siku arobaini, asubuhi na jioni. Sisi tuko pale, kilimani, miongoni mwa wanaotetemeka. Anayeshuka bondeni ni yule ambaye sura ya 16 imetuambia amekwisha kutiwa mafuta na Samweli, lakini taifa bado halimjui, na kaka yake mwenyewe anamsuta (mst. 28). Anakataa silaha za Sauli. Anashinda peke yake. Kisha uangalie mstari wa 52, ambao wahubiri wengi huuruka: watu wa Israeli na Yuda wanainuka, wanapiga kelele, wanawafuatia Wafilisti. Waoga wale wale wa siku arobaini sasa wanakimbia mbele. Ujasiri wao haukuleta ushindi, ulitokana na ushindi wa mwingine aliyesimama kwa niaba yao.

Kutoka hapo njia ya kwenda kwa Kristo iko wazi wala hujailazimisha: ahadi kwa nyumba ya Daudi katika 2 Samweli 7:12–16, kisha Mathayo 1:1, kisha msalaba, ambapo Mtiwa mafuta asiyetambuliwa aliingia vitani peke yake na watu wake wakiwa wamekimbia. Halafu ndipo uwaambie wasikilizaji wainuke. Agizo lako litakuwa lilelile la ujasiri, ila limekaa mahali pake.

Kwa maandiko mengine, jiulize kwanza wasikilizaji wa awali walielewa nini. Pili, kifungu kiko wapi katika safari nzima ya Biblia. Tatu, ni mlango gani unaomfikia Kristo, maana milango haifanani. Wakati mwingine ni ahadi, kama Mika 5:2 inayotajwa katika Mathayo 2:6. Wakati mwingine ni kivuli ambacho Agano Jipya lenyewe limekionyesha: nyoka wa shaba (Hes 21:9 na Yn 3:14), mwana-kondoo wa Pasaka (Kut 12 na 1 Kor 5:7), Yona ndani ya samaki (Mt 12:40). Wakati mwingine ni pengo tu. Kitabu cha Waamuzi kinamalizika kwa kusema hapakuwa na mfalme na kila mtu alifanya kama alivyoona vema machoni pake mwenyewe. Huhitaji kumtafuta Kristo kwa darubini pale. Kifungu kizima kinamlilia. Na Zaburi ya 110 usiiache, kwa kuwa mstari wake wa kwanza ndio Agano Jipya linaurejea kuliko mstari mwingine wowote wa Agano la Kale.

Jihadhari na rangi na hesabu. Kamba nyekundu ya Rahabu (Yos 2:18) ilifananishwa na damu ya Kristo tangu waraka wa kwanza wa Klementi, barua ya kanisa la awali isiyo sehemu ya Biblia, mwishoni mwa karne ya kwanza, na hatuwadharau waliosoma hivyo. Lakini huwezi kumthibitishia msikilizaji mwenye Biblia mkononi, na kesho yake atadhani kila chekundu ni damu. Jihadhari pia na kuruka mapema. Ukiwa na dakika 30, dakika 15 za kwanza zikae bonde la Ela, pale Daudi na Goliathi walipopambana. Ukimfikia Kristo dakika ya tatu, utamhubiri yuleyule kwa maneno yaleyale kila Jumapili, na watu watajifunza kwamba Agano la Kale ni mlango wa kupita tu.

Tumsifu Yesu Kristo. Nimeombwa nifundishe kikundi chetu kusali hadharani. Wapo wanaosema "kwa jina la Yesu" baada ya kila sentensi, na wapo wanaosema "Baba, asante kwa kufa msalabani kwa ajili yetu." Niwasahihishe vipi bila kuwavunja moyo?

Milele na milele, amina. Tuanze na hilo la pili. Baba hakufa msalabani. Aliyekufa ni Mwana. Fundisho la kwamba Baba na Mwana ni nafsi moja ileile inayobadilisha majina lilihusishwa na mwalimu aitwaye Sabelio katika karne ya tatu, na Kanisa lililikataa. Lakini ndugu zako hawafuati fundisho hilo. Wameanza kuzungumza na Baba, wakasogea kwa Yesu katikati ya sentensi bila kujua. Dawa yake ni ndogo: kabla ya kufumbua kinywa, amua unazungumza na nani, na usibadilike mpaka Amina. Njia ya kawaida ya sala ya Kikristo imeandikwa katika Waefeso 2:18: kwa Kristo, katika Roho mmoja, tunamkaribia Baba. Kumwomba Yesu mwenyewe pia ni haki kabisa. Stefano alisema, "Bwana Yesu, pokea roho yangu" (Mdo 7:59).

Kuhusu jina, mkumbuke habari ya wana saba wa Skewa, waliojaribu kutoa pepo kwa jina la Yesu, katika Matendo 19:13–16. Walilitamka jina sawasawa na wakatoka nyumba ile uchi, na wamejeruhiwa. Hawakuwa watu wa Yesu. Kusali kwa jina la Yesu ni kuja mbele za Mungu kwa kibali chake yeye, kwa kuwa kibali chetu hakipo. Mara moja yatosha, mradi moyo umeuegemea ukweli huo. Anayelirudia mara thelathini huenda anampenda Bwana sana, nasi hatutamhukumu. Ila kama anarudia akidhani ombi linaongezeka nguvu kila anapotamka, mfundishe kwa upole.

Kwa mazoezi, tumia umbo la zamani la sala fupi ya mwanzo wa ibada. Lina sehemu tano: unamwita Mungu, unataja jambo alilofanya, unaomba jambo moja, unataja kusudi kwa "ili", unamalizia kwa njia ya Kristo. Kwa mfano, kwa ajili ya wagonjwa:

*Ee Mungu Baba, uliyemfufua Mwanao wakati wanafunzi wake walipokuwa wamekata tamaa, uwape wagonjwa wetu subira na nguvu siku ya leo, ili katika maumivu yao wasijione wameachwa, kwa Yesu Kristo Bwana wetu, aliye hai na anayetawala pamoja nawe katika umoja wa Roho Mtakatifu, Mungu mmoja, milele na milele. Amina.*

Sehemu ya pili ndiyo wengi wanaikosea. Husifu kwa jumla, "Mungu mwenye nguvu, mwenye enzi", kisha ombi linakuja bila kushikamana na chochote. Hapo juu, kufufuka kwa Mwana wakati wa kukata tamaa ndiko kunakotupa ujasiri wa kuwaombea waliokata tamaa. Kila mwanakikundi aandike moja, isizidi maneno 60, aisome kwa sauti. Wiki ya pili wafanye tena bila karatasi. Baada ya wiki tano au sita utaona sala zao za ghafla zimeanza kupata mifupa.

Sisi ni kanisa la Kipentekoste. Rafiki anasema tunamtaja Roho Mtakatifu kuliko Yesu. Ni kweli kwamba tumepotea?

Msihesabu majina. Bwana mwenyewe alisema juu ya Roho: "Yeye atanitukuza mimi" (Yn 16:14). Basi ulizeni matunda: baada ya ibada yenye nguvu, watu wametoka wakimpenda na kumtii Yesu zaidi, au wametoka wakizungumzia mhubiri na yaliyotokea ukumbini? Paulo anasema hawezi mtu kusema "Yesu ni Bwana" isipokuwa katika Roho Mtakatifu (1 Kor 12:3). Palipo na ungamo hilo kwa midomo na kwa maisha, Roho yupo. Kanisa linalomtaja Yesu kila dakika huku likimdharau Roho nalo halijamheshimu Yesu aliyemtuma.

Mwanangu wa kidato cha pili ameniuliza: Yesu alipohangaika Gethsemane, alikuwa anaigiza? Kama ni Mungu, anaogopa nini? Nilikosa jibu.

Mama, mwambie hakuwa anaigiza hata kidogo. Marko 14:33 inasema alianza kufadhaika sana na kuhangaika, na Waebrania 5:7 inataja kilio kikuu na machozi. Mkristo anayeona aibu juu ya Yesu anayetetemeka amesahau nusu ya imani yake.

Kanisa lilipigania jambo hili miaka mingi. Katika mtaguso, yaani mkutano mkuu wa maaskofu, uliofanyika Nikea mwaka 325, maaskofu walimkataa Ario, kasisi wa Aleksandria, aliyefundisha kwamba Mwana ni kiumbe, hata kama ni cha kwanza na cha juu. Waliungama kwamba Mwana ni wa asili moja na Baba. Kisha likaja kosa la upande wa pili. Apolinari, askofu wa Laodikia, alimtetea Kristo kama Mungu hata akamnyima akili ya kibinadamu, kana kwamba Neno alivaa mwili tu. Hilo nalo lilikataliwa katika mtaguso wa Konstantinopoli mwaka 381. Askofu Gregori wa Nazianzo alilijibu kwa hoja ambayo kila mzazi angefaa kuikariri: kile ambacho Kristo hakukitwaa, hakukiponya. Kama hakutwaa hofu yetu, hofu yetu haijaguswa na wokovu.

Katika mtaguso wa Kalkedonia, mwaka 451, maaskofu wakaweka mipaka: Kristo mmoja, asili mbili, bila kuchanganyika, bila kubadilika, bila kugawanyika, bila kutenganishwa. Kwa hiyo usimjibu mtoto kwamba "sehemu ya Mungu haikuogopa, sehemu ya mtu iliogopa", maana hapo umetengeneza Yesu wawili wanaokaa nyumba moja. Sema: aliyeogopa ni Mwana wa Mungu mwenyewe, kwa ubinadamu wake wa kweli. Ni yeye yuleyule.

Na kama kijana wako anapenda historia, mweleze kwamba sala ya Gethsemane yenyewe ilijadiliwa rasmi. Yesu alisema, "walakini si kama nitakavyo mimi, bali utakavyo wewe." Je, alikuwa na utashi wa kibinadamu? Mtawa Maksimo Muungamaji alisema ndiyo, na kwa msimamo huo alikatwa ulimi na mkono wa kulia, akafa uhamishoni mwaka 662. Mtaguso wa Konstantinopoli wa mwaka 680 hadi 681 ulikiri alichokifia: utashi mbili, ule wa kibinadamu ukiutii wa kimungu kwa hiari. Pale bustanini, kwa mara ya kwanza tangu Adamu, utashi wa mwanadamu ulisema ndiyo kwa Mungu bila kubakiza kitu, huku ukitokwa jasho. Wokovu wetu umepita hapo.

Nilipewa chupa ya mafuta na kitambaa vilivyoombewa, nikaambiwa nisisafiri bila hivyo. Namwamini Yesu. Je, kuna ubaya?

Dada, jiulize swali moja, ujijibu ukiwa peke yako: siku ukivisahau nyumbani, unarudi? Kama moyo unatulia vikiwa mkobani na unatetemeka visipokuwepo, basi ulinzi wako umekwisha kuhamia mkobani, hata kama mdomo unasema Yesu.

Tunajua maandiko yanayotolewa kutetea jambo hili. Yakobo 5:14 inataja mafuta, lakini soma kifungu chote: mgonjwa anawaita wazee wa kanisa, wanamwombea, wanampaka kwa jina la Bwana. Hakuna anayeondoka na chupa ya kinga. Matendo 19:12 inataja leso na nguo zilizotoka mwilini mwa Paulo, na mstari wa 11 unaziita miujiza ya kupita kawaida. Hakuna waraka hata mmoja ambamo Paulo aliliagiza kanisa liendelee kuzigawa.

Andiko linalokuhusu zaidi ni 2 Wafalme 18:4. Nyoka wa shaba aliagizwa na Mungu mwenyewe, akatengenezwa na Musa, akaponya watu kweli, na Yesu alimtumia kama mfano wa msalaba wake. Hata hivyo Israeli walipoanza kumfukizia uvumba, mfalme Hezekia alimvunja vipande vipande, na Biblia inamsifu. Kitu kilichotoka kwa Mungu kinaweza kushika nafasi ya Mungu.

Wakolosai nao hawakumkana Kristo. Waliongezewa: vyakula na vinywaji, sikukuu na mwandamo wa mwezi, kuabudu malaika (Kol 2:16–23). Paulo hakuwaambia waache hili na kushika lile. Aliwaandikia Kristo ni nani: "vitu vyote viliumbwa kwa njia yake, na kwa ajili yake... na vitu vyote hushikana katika yeye" (1:16–17), kisha akasema, "Na ninyi mmetimilika katika yeye" (2:10). Aliyetimilika haongezewi.

Mafuta ni mafuta. Yatumie jikoni ukipenda, au yamwage. Kitambaa kifue, kifanye kazi ya kitambaa. Kabla ya safari yako inayofuata soma Zaburi ya 121, umkabidhi Bwana njia yako, uondoke. Hofu ikija njiani, na huenda itakuja mara chache za mwanzo, usigeuze. Mwambie yeye.

Jumapili namwabudu Kristo. Jumatatu mimi ni mhasibu, na nashinda na tarakimu mpaka jioni. Anakuwaje kitovu hapo?

Watu wengi huanzia kwenye orodha ya tabia: nisidanganye, nisichelewe, nisiwe na hasira. Orodha ni njema na huvunjika kabla ya Jumatano, kisha mtu anajificha na Mungu mpaka Jumapili. Wakolosai 3 ina mpangilio mwingine. Mstari wa 1 hadi wa 4 hauna agizo la tabia hata moja. Unasema mmefufuliwa pamoja na Kristo, uhai wenu umefichwa pamoja naye katika Mungu. Ndipo mstari wa 5 unasema "basi". Uongo unakatazwa mst. 9, na sababu imetolewa palepale: mmeuvua utu wa kale. Kazi ya mikono inaagizwa mst. 23, kama kwa Bwana.

Katika kiti chako, jambo hilo linaonekana hivi. Mkuu wako anataka risiti ya mwezi huu iandikwe tarehe ya mwezi uliopita. Mkristo anayetegemea tabia yake anapima: nitafukuzwa au sitafukuzwa? Wewe jikumbushe kwanza kwamba cheo chako, jina lako na kesho yako vimefichwa mahali ambapo mkuu wako hafiki. Halafu ukatae, kwa heshima, na utoe njia halali ya kuiingiza risiti ile. Hofu inaweza ikabaki, lakini haina tena neno la mwisho.

Asubuhi tumia dakika 15. Soma Marko sura moja kwa siku, utamaliza kwa siku 16. Uliza: Yesu anafanya nini hapa? Anaonyesha nini juu ya Mungu? Kuna neno gani la kuamini leo kabla ya neno la kufanya? Swali la tatu ndilo tunalolisahau. Jioni, kama ulianguka, soma 1 Yohana 1:9 pamoja na 2:1 bila kuviachanisha. Wengi huishia kwenye kuungama wasifike kwa Mwombezi. Ungama kwa jina la kosa, si "nisamehe makosa yangu yote". Na kama uongo wako uligusa hesabu, kesho irekebishe.

Kanisa letu halifuati kalenda ya Kwaresima, Pasaka na Majilio. Tunakosa kitu?

Warumi 14:5–6 inawapa nafasi wanaoadhimisha siku na wasioadhimisha. Faida ya kalenda ni kwamba inamzuia mhubiri kukaa kwenye mada anazozipenda: mwaka mzima unapita katika maisha ya Bwana. Jumapili nne za Majilio, kisha Noeli. Kwaresima ni siku 40, ila kutoka Jumatano ya Majivu hadi Pasaka ni siku 46, kwa kuwa Jumapili sita hazihesabiwi. Kila Jumapili ni siku ya ufufuko, haifungwi. Baada ya Pasaka zinafuata siku 50 za furaha hadi Pentekoste. Makanisa mengi ya Magharibi hufunga mwaka kwa sherehe ya Kristo Mfalme, iliyoanzishwa na Papa Pius XI mwaka 1925, wakati mataifa yalipokuwa yakiwatukuza watawala wao kupita kiasi. Hata msipofuata yote, jaribuni juma moja: someni habari za mateso kutoka Injili moja, kidogo kidogo, kuanzia Jumapili ya Matawi hadi asubuhi ya Pasaka.

Baba yangu ni mgonjwa sana. Alikuwa mzee wa kanisa, sasa hawezi kusali wala kufuata mazungumzo, na anaonekana anaumia kwa hilo. Nimsaidieje abaki na Kristo?

Pole sana. Jambo la kwanza umwambie hata kama unadhani hasikii: yeye ndiye anayeshikwa na Kristo, hata mikono yake ikilegea. "Yu hai sikuzote ili awaombee" (Ebr 7:25). Sala ya baba yako imedhoofika, anayemwombea hajadhoofika. Na Warumi 8:26 inasema Roho hutuombea kwa kuugua kusikoweza kutamkwa.

Keti karibu na sikio lake, upande anaosikia vizuri. Chagua maneno aliyoyajua tangu utotoni: Sala ya Bwana, Zaburi ya 23, beti moja au mbili za wimbo alioupenda. Tafsiri iwe ileile aliyozoea. Usimletee mpya sasa. Soma polepole, ukipumzika kila baada ya sentensi, dakika tano zisizidi, asubuhi na jioni kwa saa zilezile. Usimuulize maswali wala kumwambia arudie. Midomo ikijongea, endelea. Isipojongea, endelea vilevile. Wageni wakija na maombi marefu ya sauti kubwa, waombe kwa heshima wafupishe.

Mwite mchungaji au padre mapema, angali anaweza kumeza, ili apokee Meza ya Bwana. Familia nyingi husubiri mpaka saa za mwisho, na hapo mgonjwa hawezi tena hata tone. Mweleze mapema anameza nini na kwa shida gani: kipande kidogo sana kilicholowekwa, au kijiko kimoja tu, mara nyingi hutosha.